Kutoka Kibanja hadi Kiwanja: Safari ya Kutafuta Maneno ya Mchezo

Ndugu wapenzi wa lugha, leo naomba mnivumilie niwapeleke viwanjani. Najua wengi wenu huja hapa kutafuta vina na mizani, wala si habari za mipira. Hata hivyo, mwisho wa safari hii mtaona kwamba sikutoka nje ya shamba letu. Nimekwenda kulilima upande ambao majani yalikuwa marefu.

Chanzo cha yote ni simu. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anaishi Marekani karibu na jiji la Boston. Mwaka jana wakati wa likizo ya kiangazi alichukua familia yake kwa gari wakazunguka kutazama viwanja vya besiboli. Walianzia Fenway Park, uwanja wa Boston uliofunguliwa mwaka 1912, wenye ukuta mrefu wa kijani upande wa kushoto, unaokaribia mita 11 kwenda juu. Wakaenda New York, kisha Baltimore kwenye uwanja wa Camden Yards uliofunguliwa mwaka 1992. Huko kwao hiyo ni desturi. Ligi kuu ina timu 30, na wapo watu wanaojiwekea nadhiri ya kuvizuru viwanja vyote kabla ya kufa, kama mahujaji.

Mpwa wangu ana mtoto wa kiume wa miaka kumi, ambaye kwangu ni mjukuu. Kiswahili chake ni cha kupokea salamu, kuomba chakula na kusimulia ya shuleni. Tumekilea kwa simu za kila Jumapili. Siku ile alikuwa na furaha, akataka kunisimulia mchezo alioucheza mwenyewe katika timu ya watoto. Akaanza vizuri: "Babu, mimi nilikuwa…" Akanyamaza. Akatafuta neno. Akatumbukiza la Kiingereza. Akaendelea: "Halafu mpira ukaja, nika…" Akanyamaza tena. Baada ya sentensi nne Kiswahili chote kilikuwa kimemwagika, akamkabidhi baba yake simu.

Nami nilifundisha Kiswahili na historia katika shule za sekondari zaidi ya miaka thelathini. Nilishika chaki tangu nilipotoka Chuo cha Ualimu hadi nilipostaafu. Siku ile nilikaa chini ya mgomba wangu hapa Kaagya nikajiuliza: nimewafundisha maelfu ya watoto wa watu kusema, na mjukuu wangu ananyamaza kwa sababu sina la kumpa? Mtoto asipopata maneno ya kusimulia furaha yake kwa lugha ya babu yake, kesho hatakuwa na sababu ya kuitumia lugha hiyo.

Nikaamua kufunga safari. Boston sina nauli yake, lakini viwanja vya nchi yangu ninavyo, na nilijua kwamba Dar es Salaam pana kiwanja cha besiboli. Nilitaka kwanza niwaone waliotutangulia, yaani watu wa kandanda, walivyoupokea mchezo wa kigeni na kuuvika nguo za Kiswahili. Kisha nifike huko kwenye mchezo ambao bado uko uchi.

Kabla sijaondoka niliangalia ardhi niliyosimama juu yake. Sisi Wahaya huliita shamba la migomba lenye nyumba katikati kibanja. Wanafunzi wangu wa zamani watakumbuka kwamba palipo na sauti b katika Kihaya, mara nyingi Kiswahili kina w au hakina kitu kabisa: abantu ni watu, babili ni wawili, omubili ni mwili. Basi kibanja chetu na kiwanja cha Kiswahili ni watoto wa tumbo moja. Mmoja alibaki bara akapanda migomba, mwingine akashuka pwani akacheza ngoma.

Undugu huo unafundisha jambo. Kibanja si ardhi tupu. Ndimo mlimo na nyumba, jiko na makaburi ya mababu. Aliyenyang'anywa kibanja alinyang'anywa na wazee wake. Ndiyo maana mfumo wa nyarubanja, ambao uliwafanya watu kuwa wapangaji juu ya ardhi waliyoilima, uliacha kidonda kirefu katika nchi hii hadi serikali ilipoanza kuufuta kwa sheria ya mwaka 1965. Neno lenyewe lina mzizi uleule. Kwa hiyo ninaposikia "kiwanja" huwa nauliza pia: ni cha nani, na nani amelazwa ndani yake?

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Kaitaba, mjini Bukoba. Huo ndio uwanja wa Kagera Sugar, Wanankurukumbi. Nyasi zake sasa ni za bandia, na mchana wa siku isiyo na mechi uwanja huwa kimya, upepo wa ziwa ukipita juu yake. Kwa Mhaya enyanja ni ziwa. Kwa Mswahili nyanja ni wingi wa uwanja. Hayo si ndugu, yamefanana sura tu, lakini ukiwa umesimama Kaitaba ukiuelekea upepo huo, unaona jinsi lugha inavyopenda utani.

Nilikaa jukwaani peke yangu na mawazo yangu hayakuwa ya mabao. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliutikisa mkoa wetu, likabomoa nyumba na shule na kuua watu. Kesho yake tuliwaaga marehemu hapa Kaitaba. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilianguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba, watu 19 wakafa. Majeneza yalipangwa hapahapa, juu ya nyasi za mchezo. Tulifika kwa maelfu, bila tiketi na bila rangi za timu. Hapo nikaelewa undugu wa kibanja na kiwanja kuliko nilivyowahi kuueleza darasani. Mji hauna kibanja kimoja cha ukoo wote, kwa hiyo uwanja wa mpira unakuwa ua wa matanga.

Jioni nikapanda meli. Tulipita Kemondo kupakia watu na ndizi, kisha tukakabidhiwa kwa giza. Mimi ni wa kizazi ambacho hakiwezi kuvuka maji haya bila kukumbuka tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama ikiwa imekaribia Mwanza. Alfajiri, milima ya mawe ilipoanza kuonekana, wazee waliokuwa karibu nami walikatiza mazungumzo bila mtu kuwaomba. Wengi wa wale waliopotea wamezikwa Igoma. Tuliposhuka bandarini kijana mmoja alipiga kelele, "Tumefika!" na hakuna aliyemcheka.

Mwanza nilikwenda Kirumba. Uwanja huu umezungukwa na vilima vya mawe na umewalea Pamba na Toto African. Siku ile vijana walikuwa wakifanya mazoezi, nami nikakaa karibu na mstari nikiwa na daftari langu kama mkaguzi wa shule. Nilikuwa nawinda maneno. Katika nusu saa niliandika haya: lango, wavu, bao, mkwaju, kiungo, winga, beki, kipa, krosi, kona, refa, chenga, kanzu.

Yatazameni maneno hayo, wapenzi wa lugha, kwa jicho la mshairi. Yamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lilikuja na mpira wenyewe: winga, beki, kipa, krosi, kona, refa. Hayo tuliyapokea mlangoni, tukayaongezea irabu mwishoni ili yasituumize ulimi, tukayaketisha. Kundi la pili lilikuwa nyumbani siku zote. Lango ni la ngome na zizi. Wavu ni wa mvuvi. Bao ni mchezo wa kete unaochezwa barazani tangu mababu, leo kila anayefunga goli anafunga bao. Mkwaju ni mti wenye matunda machachu. Mtu akipigiwa mpira juu ya kichwa chake ukaangukia mgongoni, husemwa amevikwa kanzu, na anayemvika hana haja ya kuwa fundi cherehani.

Neno ninalolipenda kuliko yote ni kiungo. Mchezaji wa katikati, anayeunganisha walinzi na washambuliaji, tunamwita kiungo. Kiungo ni maungio ya mifupa, pasipo hayo mwili haupindi. Kiungo ni kile kitiwacho mchuzini, pasipo hicho chakula hakina ladha. Aliyelitoa neno hilo, ambaye hatumjui jina, aliwatunga washairi wote wa mwaka huo. Kwa neno moja alieleza kazi ya mchezaji na utamu wake.

Kutoka Mwanza nilichukua basi hadi Shinyanga, nikauzuru uwanja wa Kambarage, unaobeba jina la kuzaliwa la Mwalimu Nyerere. Hapo nilikutana na mzee mwenzangu muuza kahawa. Nilimweleza safari yangu, akacheka, akasema: "Mwalimu, ninyi mnadhani maneno yanatoka ofisini. Maneno yanatoka kwenye redio na kwenye kelele." Sikuwa na la kumjibu isipokuwa kuongeza kikombe.

Ni kweli kwamba tunazo ofisi, na sizibezi. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930 ikasanifisha tahajia yetu. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, nasi walimu tulisubiri orodha zake za istilahi kama mkulima anavyosubiri mvua. Pamoja na hayo, mtangazaji wa Redio Tanzania aliyekuwa akitangaza mechi hakuwa na muda wa kusubiri kikao. Mpira uko miguuni mwa mtu, sekunde mbili zijazo utakuwa kwingine, na wasikilizaji waliozunguka redio moja ya betri hapa Kaagya hawaoni kitu. Ilimpasa aseme. Kilichofaa kilirudiwa kesho yake na watoto waliokuwa wakicheza kwa mpira wa majani makavu ya mgomba. Kisichofaa kilikufa jioni ileile, hakikuzikwa hata na kamusi.

Nakumbuka mimi mwenyewe redio hiyo mwaka 1979, Taifa Stars ilipokuwa Ndola, Zambia, ikitafuta tiketi ya kwenda Fainali za Afrika za 1980 kule Lagos. Tulihitaji sare. Peter Tino alipofunga, wazee ambao hawajawahi kuvaa viatu vya mpira walikumbatiana shambani. Mechi ile niliiona yote kwa masikio. Maneno ndiyo yalikuwa uwanja wetu.

Dodoma nilipita Uwanja wa Jamhuri, kisha nikapanda treni mpya ya umeme, iliyoanza kufika mji huo mwaka 2024. Nikashuka Morogoro kuuona Uwanja wa Jamhuri mwingine. Msishangae majina kujirudia. Viwanja vyetu vingi vilibatizwa wakati taifa lilipokuwa likijifunza kujiita. Kule Morogoro ndiko kulikotoka Mseto, mabingwa wa mwaka 1975, na jina hilo nalo ni la kishairi: mseto ni mchanganyiko wa nafaka na kunde katika chungu kimoja.

Dar es Salaam nilianza na Uwanja wa Uhuru, ambao sisi wazee tutauita Uwanja wa Taifa hadi tuzikwe. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 ndipo bendera ya mkoloni iliposhushwa na yetu ikapanda. Mwezi Oktoba 1999 ndipo taifa lilipomuaga Mwalimu. Bendera na jeneza, furaha ya kwanza na kilio kikuu, vyote katika kiwanja kimoja. Kando yake upo ule mkubwa wa watu 60,000, uliofunguliwa mwaka 2007 na kupewa jina la Benjamin Mkapa alipofariki mwaka 2020. Huko ndiko wanakokutana Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanza mwaka 1936 na kuitwa Sunderland kwa muda mrefu hadi ilipobadili jina mwaka 1971.

Hao wawili tunawaita watani wa jadi. Kwa wengine kokote duniani timu za namna hiyo ni mahasimu au maadui. Sisi tulichukua desturi ya utani, ile inayomruhusu Mnyamwezi kumtania Mzaramo hata msibani bila ugomvi, tukaifunika juu ya mechi ya mpira. Huo haukuwa uchaguzi wa neno tu. Ulikuwa uamuzi wa jinsi ya kuishi. Watu wanaoitwa watani hupigana vijembe, kisha huchangiana nauli ya kurudi nyumbani. Siku tutakapoanza kuwaita maadui, tutajenga uzio mrefu zaidi.

Siku ya mwisho nikaenda nilikokusudia. Katika Shule ya Sekondari Azania, katikati ya jiji, kipo kiwanja cha besiboli kilichojengwa mwaka 2018 kwa msaada wa Japani. Jina la shule lenyewe ni la kale. Wasafiri wa Kigiriki karibu miaka elfu mbili iliyopita waliuita mwambao wetu Azania. Mashindano ya shule za hapa yameazima jina la Koshien, uwanja wa Japani uliofunguliwa mwaka 1924, ambako kila kiangazi wanafunzi wa sekondari hushindana na taifa zima husimama kuwatazama. Wanaoshindwa kule huzoa udongo wa uwanja kwa mikono wakaenda nao kwao. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka Mhaya anayehama.

Nilikuta mazoezi. Kwanza vijana walipanga mstari, wakavua kofia, wakauinamia uwanja. Nimefundisha miaka mingi sijaona wanafunzi wanaoinamia ardhi kabla ya kuikanyaga. Kisha wakatawanyika, nami nikaanza kujifunza.

Kwa ambao hawajauona: timu zina wachezaji tisa tisa. Mmoja husimama kwenye kichuguu kidogo katikati akarusha mpira mgumu uliovikwa ngozi. Mbali naye, mita 18.44, amesimama mpinzani na gongo la mti. Akiupiga vizuri hulitupa gongo na kukimbia kuzunguka vituo vinne vilivyopangwa kama almasi, kila kimoja kikiwa karibu mita 27.4 kutoka kwa mwenzake. Hafungi goli. Hapigi wavu. Alama hupatikana pale tu anapozunguka vituo vyote na kurudi pale alipoanzia. Pale, kwa Kiingereza, panaitwa nyumbani.

Nilirudia kuandika sentensi hiyo daftarini. Mchezo mzima ni mtu kuondoka kwake, kupita ugenini kituo kwa kituo huku watu wakimwinda, na kuhesabiwa siku aliporudi salama. Mtu kwao! Mababu wa methali hii wangeuelewa mchezo huu kwa dakika tano.

Wakati wa mapumziko kijana mmoja alinijia kwa adabu. "Shikamoo, mwalimu. Tumesikia unakusanya maneno. Sisi hili gongo tunaliita beti. Ni sahihi?" Nikacheka, nikamwambia kwamba beti lina wenyewe wawili tayari. Washairi walilishika zamani, na siku hizi wacheza kamari wanalidai. Akaniuliza basi waliiteje. Hapo ndipo nilipokwama. Rungu? Rungu ni la mlinzi. Fimbo? Fimbo ya mbali haiui nyoka, na huyu nyoka anakuja kwa kasi. Gongo? Gongo ni pombe haramu, mwalimu mkuu asisikie. Wenzake walikuwa wamekusanyika wanacheka, na mwalimu wa Kiswahili wa miaka thelathini alikuwa hana jibu.

Niliporudi nilikofikia, nilitafuta jinsi Wajapani wenyewe walivyofanya, kwa maana mchezo huu ulikuwa mgeni kwao pia. Aliyeupeleka ni mwalimu, Mmarekani Horace Wilson, aliyekuwa akifundisha Tokyo mwaka 1872. Kwa miaka zaidi ya ishirini uliitwa kwa jina la Kiingereza. Mwaka 1894 Chuma Kanae akaupa jina la Kijapani, yakyu, maana yake mpira wa uwandani. Na aliyeyapa maneno ya ndani ya mchezo sura ya Kijapani, ndugu zangu, alikuwa mshairi.

Jina lake ni Masaoka Shiki, aliyezaliwa mwaka 1867, mmoja wa walioifufua haiku, lile shairi fupi la mizani kumi na saba. Alikuwa mdakaji hodari alipokuwa mwanafunzi. Hata katika majina yake ya utani wa kalamu aliliandika jina lake la utotoni, Noboru, kwa alama zilezile zinazosomeka pia kama mpira wa uwandani. Kifua kikuu kikamshika, kikaingia hadi uti wa mgongo, kikamlaza. Mwaka 1896, mtu ambaye hakuweza tena kukimbia hatua kumi, aliandika gazetini kuwaeleza wasomaji wa nchi yake mchezo huu, akiyafasiri maneno yake. Dasha, apigaye. Sosha, akimbiaye. Alifariki mwaka 1902 akiwa na miaka 34. Maneno hayo yanatumika hadi leo, na mwaka 2002 jina lake liliingizwa katika jumba la heshima la besiboli la Japani.

Kuna upande wa pili wa hadithi hiyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, watawala wa Japani waliyapiga marufuku maneno ya Kiingereza katika mchezo, wakaamuru mengine mahali pake. Vita vilipokwisha, maneno ya amri yakaachwa, yale ya Kiingereza yakarudi na kuketi pamoja na ya Shiki bila ugomvi. Amri ya dola ilidumu miaka michache. Maneno ya mgonjwa aliyeupenda mchezo yamepita karne. Nadhani hilo ndilo jibu la swali la mzee wa kahawa wa Kambarage, na ni jibu kwa ofisi zetu pia.

Wala tusijidharau. Neno ngeli, ambalo kila mwanafunzi wa sarufi analihofu, ni la Kihaya, engeli, yaani aina. Lilitoka migombani likaenda kutawala vitabu vyote vya isimu ya Kiswahili. Na jirani zetu wa ng'ambo ya Mutukula wameshatuonyesha kwamba mchezo huu si wa Wamarekani pekee. Watoto wa Uganda walishinda nafasi ya kwenda mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport mwaka 2011, wakanyimwa viza. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi wakafika, timu ya kwanza kutoka Afrika. Watoto hawakungoja ruhusa ya kuupenda.

Basi nikakaa usiku ule nikaandika orodha yangu. Arushaye, mrushaji. Adakaye, mdakaji. Apigaye, mpigaji. Mahali pa kukimbilia, kituo. Raundi, zamu. Gongo nimeliacha rungu, kwa kuwa vijana walilicheka kidogo kuliko mengine. Na pale pa kuanzia na kurudia nilipaita kaya, neno la heshima na la kale. Nililiona neno hilo kuwa taji la safari yangu.

Jumapili iliyofuata nilikuwa Kaagya. Simu ikalia. Nilimsomea mjukuu orodha polepole, naye akarudia kila neno. Mrushaji likampendeza. Mdakaji akalitamka mara tatu akicheka. Tulipofika kaya nikamuuliza: "Haya, mchezo wa jana, ulifika kaya mara ngapi?"

Akanyamaza. Moyo wangu ukashuka. Kisha akasema: "Babu, hapana. Mimi nilirudi nyumbani. Mara mbili."

Nikachukua kalamu nikakata neno langu la heshima. Nyumbani. Alikuwa nalo siku zote, kama sisi tulivyokuwa na lango, wavu na bao. Alilohitaji ni yale mengine machache ya kumfikisha hapo. Akasimulia mchezo wote hadi mwisho, na mama yake alipomwita kula alisema asubiri.

Nafunga kwa beti mbili nilizozitunga njiani. Nawaomba msizihukumu kwa ukali, na walio na neno bora kuliko rungu walete.

Kaitaba nimefika, na Kirumba nikaona,
Kambarage nikashuka, Dodoma tukaonana,
Maneno niliyosaka, kwa vijana yamenona,
Jina jipya tutaonja, likikubali kinywani.

Nimekiacha kibanja, chenye migomba shambani,
Nikauona uwanja, wa vijana wa mjini,
Kimya rungu likavunja, gozi likawa angani,
Jina jipya tutaonja, likikubali kinywani.